Kitabu Chenye Milango Miwili

Katika shule zetu mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, na kwamba mtunzi hodari ni yule amshikaye msomaji mkono tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho bila ya kumwacha njiani. Mafundisho hayo ni mema, wala hatuandiki makala haya ili kuyabomoa. Lakini wapo watunzi wachache ulimwenguni waliokataa kabisa kusema mwanzo wa kitabu chao uko wapi. Kimojawapo cha vitabu vya namna hiyo kilitufikia nyumbani, kikazusha kati yetu na binti wa kaka yetu mjadala ambao haujakwisha. Nasi twaona yafaa kuwasimulia walimu na wanafunzi yaliyomo kitabuni, na yaliyotupata tulipokisoma.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Kiingereza iitwayo How to be both, yaani, kwa tafsiri yetu, Namna ya Kuwa Vyote Viwili. Mtunzi wake ni Ali Smith, aliyezaliwa Inverness, Uskoti, mwaka 1962. Jina la Ali lisimdanganye msomaji wa kwetu: mtunzi huyu ni mwanamke. Riwaya ilitoka mwaka 2014, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goldsmiths, ambayo hupewa riwaya zinazothubutu kujaribu fani mpya. Mwaka 2015 ikapata na tuzo ya Baileys, iliyokuwa ikitolewa kwa watunzi wanawake.

Ina sehemu mbili zinazokaribiana kwa urefu. Sehemu moja yamhusu msichana wa miaka 16, aitwaye George, akaaye Cambridge katika Uingereza ya siku zetu. Nyingine yasimuliwa na roho ya mchoraji wa Italia, Francesco del Cossa, aliyeishi katika karne ya 15. Ajabu ni kwamba kila sehemu imepewa jina la “moja”. Sehemu ya “pili” haimo. Tena, vitabu vilipopigwa chapa, nusu ya nakala zilitiwa sehemu ya msichana mbele, na nusu nyingine zikatiwa sehemu ya mchoraji mbele; kisha nakala zote zikapelekwa madukani zikiwa zimechanganyika. Jalada halimwambii mnunuzi amechukua ipi. Anaondoka na bahati yake, kama mtu aliyepewa mtoto bila ya kuulizwa.

Hatuna budi kukiri kwamba sisi si marafiki wa majaribio. Tulilelewa katika vina na mizani, na mwaka 1974 ulipotoka Kichomi wa Euphrase Kezilahabi, ukaleta ugomvi baina ya washairi wa mapokeo na washairi wa mabadiliko, tulikuwa bado watoto. Lakini tulipokuwa watu wazima tuliukuta ugomvi huo ungali moto, tukachagua upande wetu. Kwa hiyo binti wa kaka yetu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alipotuletea habari za kitabu hiki, tulimjibu kwamba mtu asiyejua aanzie wapi hadithi yake angoje mpaka ajue. Akacheka. Kisha rafiki mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi akatununulia nakala, tukaisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni, kwa kuwa Kiingereza chetu ni kile cha kidato cha nne na cha mafaili ya ofisini.

Nakala yetu ilianza na msichana. Mama yake amekufa ghafla, naye amebaki na baba aliyevunjika moyo na mdogo wake wa kiume. Hadithi yaanza ndani ya gari, mama akisema jambo. Na mara msichana ajisahihisha, kwa kuwa mama hawezi tena kuwa anasema, ni lazima awe alisema. Msichana huyu ni mkali wa sarufi, hupenda kuwasahihisha watu, na sasa sarufi yenyewe imemgeukia. Mwalimu wa Kiswahili atazame hapo. Katika lugha yetu baina ya mtu aliye hai na mtu aliyekufa kuna silabi moja tu: “na” ikiondoka, “li” ikaingia. Sisi tulipompoteza mama yetu tulikaa miezi mingi ulimi ukiteleza, tukisema “mama anapenda chai ya tangawizi”, na hapana aliyekuwa na moyo wa kutusahihisha.

Miezi michache kabla ya kufa, mama huyo alikuwa amewachukua watoto wake mpaka mji wa Ferrara, Italia, ili wakatazame picha zilizomvutia. Picha hizo zipo kweli. Zimo katika jumba liitwalo Schifanoia, jina ambalo maana yake ni kuikimbia ile hali ya kuchoshwa na kukaa bure. Duke Borso d'Este, mtawala wa mji, aliagiza ukumbi mmoja wa jumba hilo uchorwe miezi yote 12 ya mwaka, nayo kazi ikafanywa miaka ya kuelekea 1470. Rangi zilipakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, hata picha ikanywewa na ukuta na kuwa kitu kimoja nao. Machi, Aprili na Mei ni kazi ya Francesco del Cossa. Baadaye watu wakazipaka kuta hizo chokaa nyeupe, picha zikapotea machoni. Hazikufunuliwa tena mpaka karne ya 19, na miezi mingine haikuonekana tena kamwe.

Jambo lililotugusa sisi tuliokula mshahara wa serikali kwa miaka 30 ni jinsi jina la mchoraji huyo lilivyojulikana. Tarehe 25 Machi, 1470, Francesco del Cossa alimwandikia Duke barua ya kulalamikia malipo. Alilipwa kwa kipimo cha futi, sawasawa na wachoraji hafifu kabisa, naye akaona hayo ni dharau kwa mtu aliyekwisha jipatia jina na aliyeshika elimu ya kazi yake. Ombi lake halikukubaliwa, akahamia Bologna. Barua ikabaki katika majalada ya dola mpaka wataalamu wa karne ya 19 walipoifunua, ndipo ulimwengu ukajua kuwa miezi ile mitatu ni yake, wala si ya mchoraji mwingine aliyekuwa akisifiwa kwayo. Tumepata kuona madai mengi ya malimbikizo ya mishahara yakipita mezani petu, lakini hatujaona jingine lililomwokoa mdai na kusahauliwa baada ya miaka 400.

Katika sehemu yake, roho ya mchoraji inarejeshwa duniani bila ya kuombwa. Inajikuta mbele ya picha yake mwenyewe, ya Mtakatifu Vincent Ferrer, iliyomo katika makumbusho ya taifa ya picha huko London. Na mbele ya picha hiyo kuna kijana aliyeitolea macho. Roho yadhani kijana ni mvulana. Haijui iko mwaka gani. Vyombo vya siku hizi, ambavyo watu huvishika mkononi na kuvitazama kwa unyenyekevu, yavichukulia kuwa ni vibao vya ibada. Na huku ikimfuata kijana huyo, yakumbuka maisha yake: utoto wa kufiwa na mama, na baba mwashi aliyemshauri mwanawe ajivike nguo za kiume ili apate kufundishwa kazi. Kwani katika riwaya hii mchoraji Francesco ni mwanamke. Hayo ni ubunifu wa mtunzi. Historia haisemi hivyo.

Kijana aliye mbele ya picha, msomaji amekwisha mtambua, ni George. Ametoroka shule kuja kumtazama mchoraji aliyependwa na marehemu mama yake.

Tulipokwisha kusoma tulimpigia simu binti wa kaka yetu. Baada ya shikamoo na marahaba tukamwambia kwamba kitabu tumekipenda, na kwamba tumestaajabia hila ya mtunzi: ile roho haikuwa roho hata kidogo, bali ni insha ya yule msichana. Kwani katika sehemu ya George yeye na rafiki yake wana kazi ya shule, nao wanafikiria kumbuni mchoraji huyu na kumpa sauti. Basi sehemu yote ya Francesco, tulisema, ndiyo hiyo kazi ya shule iliyokamilishwa na mtoto mwenye majonzi, asiyeweza kumrudisha mama yake na ambaye kwa hiyo amemrudisha mtu mwingine.

Binti akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Baba mdogo, roho ni roho. Mimi nimekaa nayo kurasa mia na zaidi kabla ya kulijua hata jina la msichana.”

“Hapana, mwanangu. Msichana yuko katika ukurasa wa kwanza.”

“Baba mdogo, wewe umeanzia wapi?”

Ndipo tulipofahamu. Yeye alikuwa na nakala nyingine. Katika nakala yake maneno ya kwanza ya kitabu yanashuka ukurasani kama mtu anayeanguka kisimani, yamekatwakatwa kama shairi. Sauti yatoka udongoni kabla ya mtu yeyote kuota kazi ya shule. Aliyeanza hivyo ameipokea roho kama mgeni aingiaye nyumbani, na mgeni haulizwi kama yupo. Naye George alimwona kwanza kwa mgongo, akiwa kijana asiyejulikana, mwenye huzuni isiyo na jina. Ndipo kitabu kilipomfikisha katika sehemu ya pili akajua sababu. Sisi tuliijua sababu tangu mwanzo, tukamhurumia msichana muda wote. Yeye alimhurumia mchoraji.

Msomaji atasema: basi badilishaneni nakala, kila mmoja asome upya. Tumefanya hivyo. Lakini nakala yake ilipofika mikononi mwetu, na sauti ilipoanza kushuka, tulijua tayari inaangukia wapi. Tulipofika mahali roho inapomdhania George kuwa mvulana tulitabasamu, ilhali binti wa kaka yetu, alipofika hapo mara ya kwanza, alidhani hivyohivyo pamoja na roho. Kule kudhani hatutakupata tena. Mtu anaweza kusoma kitabu mara kumi, lakini usomaji wa kwanza ni mmoja, na ule wa mwenzako hauwezi kuazimwa kama kitabu kinavyoazimwa.

Mtunzi ameliweka swali hili katika kinywa cha yule mama mwenyewe. Mwezi Novemba 1966 mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, ukaharibu picha nyingi za ukutani. Mafundi walipozibandua ili kuziponya walikuta chini yake michoro ya kwanza, ile ambayo wachoraji waliichora kama msingi. Na pengine mchoro wa chini haukuwa sawa na picha ya juu. Mama na binti wanajadiliana ni ipi iliyotangulia. Msichana ashikilia kuwa ni ile ya chini, kwa kuwa ilichorwa kwanza. Mama aona kuwa ya juu ndiyo tuionayo kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee tuijuayo. Wote wawili wana haki, na hilo hatukulipenda tulipolisoma, kwa maana tumezoea mjadala kuwa na mshindi.

Jambo hili si geni kwetu kama tulivyodhani. Mshairi ajua kwamba mshororo wa shairi una vipande viwili, ukwapi na utao, na kwamba vina vikiwa vimekaa sawa vipande hivyo aweza kuvigeuza, cha mbele kikawa nyuma, na mizani isidhurike. Tuchukue mshororo tulioutunga wenyewe:

Baba kafunga mlango, mwana kaondoka zake.

Mizani ni nane kwa nane. Sasa tuugeuze:

Mwana kaondoka zake, baba kafunga mlango.

Mizani ni zilezile, na maneno ni yaleyale, hata nukta hatukuigusa. Lakini katika mshororo wa kwanza baba amemfukuza mwanawe. Katika wa pili mwana amemwacha baba, naye baba hana la kufanya ila kufunga mlango baridi isiingie.

Na tulipokuwa karani kijana wilayani, mbali na reli, magazeti yalitufikia kwa mafungu, pengine ya majuma matatu yamefungwa kamba moja. Tulikimbilia ukurasa wa mashairi. Mara nyingi tulilisoma jibu kabla ya swali: malenga mmoja anamrudi mwenzake kwa ukali, nasi hatujui mwenzake alisema nini, tukamchukua kuwa mchokozi; kisha chini ya fungu lile twalikuta shairi la kwanza na kuona kuwa aliyejibu ndiye aliyechokozwa. Karani mwenzetu, aliyezoea kuyapanga magazeti kwa tarehe kabla ya kusoma, hakupata kamwe kuwa na maoni kama yetu juu ya malenga hao. Hatukuelewana mpaka alipohamishwa.

Yafaa sasa tuseme mshororo ule wa mlango ulitoka wapi. Baba yetu alikuwa mtumishi wa reli, nasi tulikaa Kilosa. Mwaka 1979 kaka yetu, kijana wa miaka 18, aliondoka nyumbani usiku, akapanda treni, akafika Mwanza, akafanya kazi ziwani, akaoa, akazaa. Hakurudi Kilosa ila kwa mazishi ya baba, mwaka 1996. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2011. Sisi tulikuwa na umri wa miaka tisa usiku ule, tumelala mkekani chumba cha pili, nasi tulisikia sauti mbili: nyayo, kisha mlango. Nyayo zilitoka kwanza; mlango ukafungwa baadaye, taratibu. Na masika yote yaliyofuata baba hakulitia komeo mlango ule usiku, ijapokuwa kijijini palikuwa na wezi. Hayo ndiyo tuliyokua nayo.

Binti wa kaka yetu amekua na mengine. Baba yake alimsimulia kwamba alibishana na babu kwa sababu hakutaka kuendelea na shule. Kwamba alitoka uani kupunga upepo, na babu akausukuma mlango nyuma yake. Kwamba alisimama nje mpaka umande ukamlowesha, ndipo akatembea mpaka kituoni. Kwake yeye kuna mlango, kisha nyayo. Mama yetu alikuwa jikoni, na hata alipoulizwa miaka mingi baadaye alisema tu kwamba uji uliungua.

Kwa miaka mingi hatukupata kulizungumza jambo hili na binti huyu pasipo mmoja wetu kunyamaza. Yeye alidhani twamtetea marehemu baba yetu, nasi tukadhani aitetea kaburi ya baba yake. Ulipokwisha mjadala wa riwaya, alitupigia simu tena siku ya tatu, akasema bila ya utangulizi, “Baba mdogo, nieleze habari za komeo.” Tukamweleza. Halafu tukamwomba atueleze habari za umande, naye akaeleza kwa kirefu, pamoja na rangi ya shati alilovaa baba yake, jambo ambalo hatukupata kulijua. Hatusemi kwamba tulisikia vibaya usiku ule, wala yeye hasemi kwamba baba yake alimdanganya.

Kuna vitabu vingine vya aina hii, navyo tutavitaja kwa haraka. Julio Cortázar wa Ajentina alitoa Rayuela mwaka 1963, yenye sura 155. Msomaji aweza kusoma sura ya 1 mpaka ya 56 akaacha, au akaanzia sura ya 73 na kurukaruka kwa kufuata orodha aliyopewa. Mwingereza B. S. Johnson alitoa mwaka 1969 riwaya iliyomo sandukuni, vipande 27 visivyoshonwa, kimoja kikiwekwa alama ya kwanza na kimoja ya mwisho, na 25 vilivyobaki vichanganywe apendavyo msomaji. Yahusu rafiki aliyekufa kwa saratani, na kwa kweli huzuni hutujia hivyo, bila ya kupanga foleni. Hata hivyo sanduku lile twaliona ni la kuchosha, na maktaba ya shule ingepoteza nusu ya vipande kabla ya muhula kwisha. Kwetu, Kezilahabi yuleyule aliyetuudhi kwa mashairi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi mbili zisomwazo kama pacha. Mwalimu jasiri aweza kuligawa darasa, hawa waanze na hii, hawa na ile, kisha awasikilize.

Binti wa kaka yetu amejaribu jambo dogo kuliko hilo. Mwaka jana, katika kidato cha tatu, aliandika mshororo wetu wa mlango kwenye vikaratasi, nusu kwa namna ya kwanza na nusu kwa namna ya pili, akavigawa bila ya kusema kuwa vimetofautiana, akaagiza kila mwanafunzi aseme nani alaumiwe. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza. Wavulana wawili wa dawati moja walikaribia kugombana, kila mmoja akimwambia mwenzake hajui kusoma, mpaka walipoweka vikaratasi vyao kimoja kando ya kingine. Msichana mmoja aliuliza ni upi mshororo wa asili, na mwalimu akamjibu kwamba mtunzi yuko hai, anaweza kuandikiwa barua.

Barua imekuja, nasi tumeijibu kurasa mbili. Pamoja nayo zilikuja karatasi 41 za beti walizotunga wanafunzi kuuendeleza ule mshororo, ili tuzipime mizani. Tumekwisha pima 26. Wengi wanakosea katika kibwagizo, wanatia silabi tisa mahali pa nane, hasa wale wanaotaka baba na mwana wapatane katika mshororo huohuo mmoja.